Mama mkwe kasema sitoki mpaka arobaini iishe, na kichwa kinanipasuka

Shikamoo Anti. Mie msomaji wako wa huku Tandahimba, nina miaka 23, nimejifungua mtoto wa pili, hospitali, njia ya kawaida, mtoto wa kike mzima kabisa ananyonya mpaka analala na ziwa mdomoni, kwa hilo namshukuru Mungu. Sasa hivi niko kwa mama mkwe nakaa arobaini, hii ndo wiki ya pili. Mume wangu yuko Mtwara mjini anafanya kazi za bandarini, anakuja akipata nafasi.

Shida yangu Anti ni mwili, yaani mwili siuelewi kabisa. Kwanza tumbo, mtoto akishika ziwa tu tumbo la chini linabana kama uchungu umeanza upya, kwa mtoto wa kwanza haikuwa hivi au labda nimesahau. Usiku jasho linanitoka mpaka khanga inalowa. Tumbo lenyewe halijarudi, ukiniangalia utasema bado nina mimba ya miezi mitano. Alafu damu ilikuwa imeshaanza kupauka imekuwa kama kahawia, nikawa nafurahi inaisha, juzi wifi hakuwepo nikabeba ndoo ya maji kwa jirani mwenye kisima, si unajua maji ya huku yalivyo shida, jioni yake nikaona damu nyekundu tena nikaogopa sana nikajua ndo nimejiharibu. Kichwa nacho tokea jana kinauma kutwa nzima, Panadol nimemeza haisaidii, nikiinuka naona vinyota vinyota mbele ya macho, na pete yangu nimeivua haiingii tena kidoleni. Maziwa yalijaa yakawa magumu kama jiwe ila sasa yamelainika.

Mama mkwe ananikanda na maji ya moto asubuhi na jioni, Anti naungua kwakweli, alafu ananifunga khanga tumboni kwa nguvu mpaka pumzi inakuwa ya shida. Nimemwambia kichwa kinauma akasema ni upepo umeniingia kwa sababu natoka nje usiku sijafunga kitambaa, akanipaka mafuta akanifunga kichwa. Nikasema labda niende hospitali akasema mzazi hatoki mpaka arobaini, nikitoka mtoto atapata kijicho na mie nitaota mwili mbovu maisha yangu yote. Sio mtu mbaya jamani, ananichinjia kuku, uji wa pilipili manga haukosekani, nguo zote za mtoto anafua yeye. Ndo maana nashindwa, nikibisha nitaonekana mjeuri, na ukoo mzima utajua.

Na kingine nalia bila sababu. Nakaa tu machozi yanatoka, mtoto mzima, chakula kipo, nalia nini sijui.

Naomba uniambie kipi cha kawaida na kipi sio cha kawaida, na niongee vipi na mama mkwe. Jina langu usilitaje.

Mzazi wa Tandahimba

MAJIBU

Marahaba mwanangu. Meseji yako sikuisubirisha siku ya safu, nilikupigia muda uleule nimeisoma, na mama mkwe nikaomba nisemezane naye, na jioni ile mkaenda hospitali. Presha ikakutwa 160 kwa 110, ukalazwa, ukachomwa sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa. Sasa umerudi nyumbani na dawa zako na umeniruhusu nikujibu hapa mbele ya wenzio, kwa hiyo naandika kwa kirefu, maana wenye barua kama yako ni wengi na sio wote watapigiwa simu kwa wakati.

Nataka uirudie barua yako uisome. Umeniandikia mambo mengi, ndoo ya maji umeieleza vizuri, damu umeieleza mpaka rangi, jasho, maziwa, kila kitu. Kichwa, vinyota na pete umevipitisha haraka haraka katikati kisha ukaendelea na maziwa. Na hivyo vitatu ndivyo vilivyokuwa vinakupeleka pabaya. Sikulaumu, wazazi karibu wote wanafanya hivyo, damu inatisha kwa sababu inaonekana, presha haionekani. Nimefanya kazi ya ukunga huku Kusini mpaka nikastaafu, na bado kichwa cha mzazi ndicho kinachonitoa kitandani haraka kuliko kitu kingine.

Watu wengi wanaamini presha ya mimba inatoka pamoja na kondo la nyuma. Mara nyingi inashuka kweli, ila sio mara zote wala sio siku hiyohiyo. Kuna wanawake presha inapanda ndani ya wiki ya kwanza baada ya kuzaa, na wengine kliniki nzima walikuwa vizuri, kadi safi, presha inakuja kujitokeza wakiwa nyumbani wananyonyesha. Kifafa cha mimba kikija baada ya kuzaa mara nyingi kinakuja ndani ya siku mbili za kwanza, lakini kinaweza kutokea hata wiki kadhaa mbele, mpaka wiki ya sita watu wa afya bado wana wasiwasi na mama. Kwa hiyo mzazi akisema kichwa kinauma sana na dawa ya maumivu haikitulizi, au macho yanaona ukungu, vinyota, mwanga unamwekamweka, au uso na mikono imevimba ghafla, au anaumwa chini ya mbavu upande wa kulia, anatapika, huyo anapimwa presha leo. Sio kesho asubuhi. 140 kwa 90 tayari ni ya juu, 160 kwa 110 ni dharura hata kama mtu amekaa anacheka.

Na ikitokea kifafa kimeanza nyumbani, mlazeni ubavu wa kushoto, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimwekee kijiko wala kitambaa mdomoni, msimnyweshe kitu, mkimbizeni. Hiyo hata watoto wakubwa wa nyumbani waijue.

Dawa za presha endelea nazo kama walivyokuandikia, usiache kwa sababu kichwa kimetulia, kichwa kutulia ndo dawa inafanya kazi. Zipo ambazo mtu anameza huku ananyonyesha bila shida, ndo maana nilikwambia uwaambie mapema kwamba unanyonyesha. Na mimba ijayo, Mungu akijaalia, siku ya kwanza tu ya kliniki waambie nilishapata presha baada ya kuzaa, wajue wanaanzaje na wewe.

Sasa hayo mengine. Tumbo kubana mtoto akinyonya ni kizazi kinajikunja kirudi mahali pake, kunyonyesha kunaamsha homoni inayokibana, na kwa mtoto wa pili na kuendelea maumivu yanakuwa makali kuliko wa kwanza, kwa hiyo hujasahau, kweli haikuwa hivi. Ukizaa kizazi kinakuwa usawa wa kitovu, kinashuka karibu upana wa kidole kwa siku, kwenye siku ya kumi mpaka kumi na nne ukibonyeza hukigusi tena kwa juu, lakini kurudi saizi yake kabisa ni kama wiki sita. Ngozi na misuli ya tumbo inachukua muda mrefu zaidi, miezi. Hilo tumbo linaloonekana la miezi mitano lisikunyime raha, na khanga haiwezi kuliharakisha. Funga kwa kuegemeza mgongo kama inakupa nafuu, ukiona pumzi inabana legeza. Jasho la usiku ni maji yaliyojaa mwilini wakati wa mimba, mwili unayatoa, linaisha lenyewe, ila jasho lenye homa na kutetemeka ni habari nyingine nakuja nayo. Na nywele zikianza kutoka kwenye miezi mitatu au minne usije ukadhani umerogwa, zinaota.

Damu nayo tuielewe. Siku tatu nne za mwanzo ni nyekundu, inageuka ya kahawia au pinki, baadaye inakuwa kama maji ya njano au meupe mpaka inakatika kwenye wiki ya nne, ya tano, ya sita. Kurudi nyekundu kidogo baada ya kubeba kitu kizito inatokea, mwili unakwambia punguza, ukipumzika inapauka tena. Wewe ulifanyiwa hivyo na ile ndoo. Inayotakiwa kukimbizwa hospitali ni ile ya kulowesha pedi nzima au kitambaa kizima ndani ya saa moja, au mabonge makubwa kama yai, au damu yenye kizunguzungu, moyo kwenda mbio na jasho la baridi. Na isikudanganye kwamba wiki ya pili imepita hatari, kipande cha kondo kikibaki ndani kinaweza kukaa kimya alafu damu ikafunguka ghafla siku ya kumi au baadaye. Nawaomba sana, mzazi anayevuja hivyo msimkande, msimpe dawa ya kusafisha kizazi, wala msimpakie bodaboda peke yake akiwa amelegea.

Homa sasa, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kwetu Mtwara na Lindi malaria ipo na inaua, kwa hiyo mtu akipata joto anatumwa kijana duka la dawa analeta mseto basi. Mzazi mwenye homa anaweza kweli akawa na malaria, apimwe, kile kipimo cha kidole hakichukui muda. Lakini hata kikionyesha malaria ipo, bado aangaliwe kizazi, nyonga, mshono, maziwa na mkojo, kwa sababu homa ya uzazi inakuja kimyakimya, joto 38 na kuendelea, tumbo la chini linauma hata mtoto hanyonyi, na uchafu unatoka na harufu mbaya. Damu ya uzazi ina harufu yake kama ya hedhi, kila mwanamke anaijua, ikioza unaijua pia. Usione haya kulisema hilo. Nimewahi kupokea wazazi walioficha harufu kwa aibu mpaka maambukizi yakaingia kwenye damu. Waliofanyiwa operesheni au kuongezewa njia waangalie mshono, ukivimba, ukitoa usaha, ukiachia, rudi. Na jamani msiingize kitu chochote ukeni kwa kisingizio cha kukaza au kusafisha, si majani, si kitambaa cha dawa, si chumvi.

Kuhusu kukandwa. Maji ya uvuguvugu mwilini yanaleta raha, sina ugomvi nayo, kuoga maji ya moto kiasi na kujisafisha vizuri ni kitu kizuri. Maji yanayochemka kubandikwa tumboni na khanga hayarudishi kizazi, kizazi kinarudi na homoni na kunyonyesha, kinachopatikana ni ngozi kuungua. Aliyepasuliwa asikandwe tumbo kabisa.

Maziwa yako kujaa na kuwa magumu kwenye siku ya tatu mpaka ya tano ni kawaida, umenyonyesha yamelainika, vizuri. Ziwa likiwa jekundu sehemu moja, la moto, linauma na homa juu, hapo kuna maambukizi, nenda ukapate dawa na uendelee kumnyonyesha hilohilo ziwa au ukamue, ukiliacha limejaa ndo jipu linatengenezwa.

Miguu yote miwili kuvimba kidogo siku za mwanzo inatokea. Lakini mguu mmoja peke yake, hasa kigimbi, ukivimba, ukauma, ukawa wa moto, hiyo ni damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge likihama likaenda kwenye mapafu mtu anakatika pumzi na kifua kinachoma. Msiusugue, msiukande, hospitali. Hata ile ya kulala chali ukaona unazama lazima uinuke ukae ndo upumue, na miguu imejaa, iseme, moyo nao unaweza kuchoka baada ya uzazi. Hii arobaini ya kulala ndani kutwa kwa kweli haisaidii miguu, tembea tembea humo uani, zunguka nyumba.

Mkojo kuponyoka ukikohoa au kucheka utapungua kadiri misuli inavyopata nguvu. Ila anayevuja mkojo au kinyesi muda wote bila kukohoa, hasa kama uchungu ulimkalia muda mrefu, huyo huenda ana fistula na inatibika, hospitali ya CCBRT Dar es Salaam wamekuwa wakitibu kina mama hawa bila kuwatoza, aanzie hospitali ya wilaya wampe maelekezo. Wapo wanaokaa nayo miaka wakijificha hata kwenye ngoma hawaendi, inaniuma sana.

Machozi yako nimeyaacha hapa sio kwa sababu madogo. Siku za mwanzo mpaka kama wiki mbili wengi wanalia bila sababu, homoni zimeshuka, usingizi hakuna. Inapita ukipata mtu wa kukubebea mtoto ulale. Ikizidi wiki mbili, ukaona hutaki kula, hutaki kumshika mtoto, unawaza ungekufa tu, mwambie nesi kwa maneno hayohayo. Na mzazi anayeongea peke yake, halali siku nzima na usiku, anaona au anasikia vitu, anamwogopa mwanae, watu watasema kichaa cha mimba au shetani, wataanza kutafuta mganga. Ni ugonjwa, ni dharura kama damu, mtoto na mama wasiachwe peke yao, wapelekwe hospitali siku hiyo.

Sasa mama mkwe. Shikamoo mama, najua utasomewa hii. Simu ile uliniuliza, kwani sisi tulizaaje? Nikakujibu na narudia, tulizaa, na tuliwazika wenzetu tukasema siku yake imefika. Utafiti wa kitaifa wa 2022 umeonyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2015-16 ulionyesha 556, na waliobaki hai wamebaki kwa sababu watu waliwahi. Arobaini yako naiheshimu. Kumpikia mzazi, kumfulia, kumpumzisha asibebe ndoo, hayo hospitali haiwezi kumpa, unampa wewe. Na kama tunasema dini, nifasi, yaani damu ya uzazi, inahusu swala na funga na mambo ya chumbani, haijamkataza mgonjwa kutibiwa. Anayemtazama mkweo kutwa ni wewe, kwa hiyo mtazame na yeye kama unavyomtazama mjukuu. Nimekaa kliniki miaka, nimeona mtoto anawekwa kwenye mizani, anachanjwa, anasifiwa, mama aliyembeba hajaulizwa hata kichwa kinaumaje. Muulize asubuhi na jioni, kichwa vipi, damu vipi, unaona vizuri, umelala.

Na wewe mwanangu, kwa heshima hiyohiyo, usimuombe ruhusa ya kwenda hospitali, muombe akusindikize. Mwambie mama naomba twende wote ukanishikie mtoto. Wazee wengi wanakubali hapo, kwa sababu umemwacha kwenye nafasi yake. Mumeo naye ajue, nauli iwe imekaa pembeni nyumbani, sio isubiri mshahara wa bandarini.

Ratiba ya mzazi ni kuangaliwa ndani ya saa 24 za kwanza, siku ya pili au ya tatu, kati ya wiki ya kwanza na ya pili, na wiki ya sita, hata kama huumwi. Wewe kwa presha yako utaenda zaidi ya hapo. Ukifika sema kabla ya yote, nimejifungua wiki fulani na nilikuwa na presha, usikae kwenye foleni kimya. Usafiri ukikosekana usiku, pigeni 115, ni bure, ni huduma ya m-mama kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga, wanatafuta gari la wagonjwa au dereva wa karibu aliyesajiliwa, na familia hamdaiwi nauli. Namba hiyo iandikwe ukutani kwa mkaa kama kalamu haipo.

Tarehe yako ya kurudi kupimwa ulinitajia kwenye simu nami nimeiandika. Ukitoka tu nitumie namba zote mbili za presha, ya juu na ya chini.